Thabai na Kikombe cha Chai

Daktari Kipruto alitazama karatasi ya maabara, akamtazama Mwalimu Mugure, kisha akairudia karatasi.

"Damu haijaongezeka, Mwalimu. Tena imeshuka kidogo."

"Rudia kipimo."

"Nimesharudia."

Akina mama wa kanisa walikuwa wapande Mlima Longonot mwezi uliofuata. Safari hiyo aliipanga Mugure mwenyewe, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, na Kipruto alikuwa amemwambia wazi kwamba bila damu ya kutosha mlima atautazama kutoka chini. Juu ya vidonge vya kuongeza damu alivyopewa, Mugure alikuwa akila thabai kila siku, yale majani ya kuwasha yanayoota kando ya ua wake katika mtaa wa Section 58. Alikuwa amewahubiria wenzake: vitamini A, vitamini C, madini ya chuma, vyote katika jani linalochukiwa bure. Wakamwamini, wakayapanda nyuma ya jiko la kanisa.

Nje alikuwepo Cherop, kiongozi wa kwaya, akimngoja.

"Imekataa?"

"Imeshuka kidogo."

Cherop alicheka mpaka akashika ukuta. "Aki Mwalimu! Nyasi zako zimekula vidonge vya daktari!"

"Thabai si nyasi."

"Kwetu hiyo ni ya kutishia watoto watundu, wewe unapikia watu wazima. Basi mlimani nitaongoza mimi. Tukirudi, tunang'oa zile za kanisani."

Jioni Mugure alijikagua kama alivyokuwa akikagua wanafunzi wa mtihani. Alivaa glavu, akachuma machipukizi. Aliyaosha kabla ya kuyakata, kwa kuwa vitamini C hutoroka na maji. Aliyachemsha kidogo tu, sufuria imefunikwa, mpaka makali yakaisha. Akayaponda pamoja na viazi na mahindi, mukimo ukawa wa kijani kibichi, akaukamulia limau ili mwili uchukue chuma vizuri. Hakuona kosa. Akala, akameza kidonge, akanyoosha mkono bila kutazama, na mkono ukakuta kikombe.

Hapo ndipo alipokitazama.

Chai nzito, rangi ya matofali. Nyumbani kwake chakula kisichofuatwa na chai kilihesabiwa kuwa hakijaisha. Na ubaoni, mwaka baada ya mwaka, aliandika kwa mkono wake kwamba chai huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo inywewe mbali na mlo. Kuna msichana aliyewahi kupata sifuri kwa kulisahau hilo.

"Hii ina maziwa mengi," alijiambia.

Maziwa hayabadilishi kitu, akajijibu. Lakini akainywa, maana ilikuwa imeshamiminwa.

Kuanzia kesho yake chai ilihamishiwa katikati ya asubuhi na katikati ya alasiri. Kichwa kilimgonga, akawafokea kuku wasiokuwa na hatia. Cherop alipomtembelea mchana alipewa wali na maharagwe, akala, akangoja. Akangoja tena.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Chai ni saa kumi."

"Kwani hapa ni wadi?"

Cherop aliondoka akatangaza kwamba uzee umemletea Mugure uchoyo. Mugure aliposikia alivaa glavu, akaenda kuchuma thabai. Kujitetea kungemlazimu kueleza ni nani aliyekuwa akiihujumu thabai.

Siku ya kupimwa tena, Kipruto aliisoma karatasi mara moja tu. "Panda mlima, Mwalimu. Polepole."

Alipanda polepole, lakini mbele ya Cherop. Walipofika ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano kileleni, Mugure alikaa juu ya jiwe, akafungua mkebe wake wa mukimo. Cherop, ambaye mkate wake uliishia kwenye mteremko wa kwanza, akajitupa kando yake akihema, akatoa chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja. Mvuke ukapanda.

"Shika, mchoyo wewe. Ujue mgeni anavyotunzwa."

Mugure aliutazama mkebe. Akakitazama kikombe. Angeweza kuchukua kimoja tu, na upepo wa huko juu ulikuwa baridi.

Akakipokea kikombe, akausukuma mkebe kwa Cherop. "Basi kula wewe."

"Nyasi?"

"Kula, halafu nitakuambia ni nani aliyekula vidonge."

Cherop aliramba ncha ya kijiko kama anayeonja dawa. Akachota kijiko kizima. Akachota cha pili.

"Haiwashi," alisema, kama mtu aliyetapeliwa. Kijiko kiliendelea kwenda na kurudi, na habari ya kung'oa kitu kanisani haikutajwa tena. "Haya sema. Ni nani?"

Mugure alikuwa amefumba macho. Alimaliza funda la mwisho, akamnyooshea Cherop kikombe kitupu.

"Ni huyu," alisema. "Mwongezee."