Futi ya Fundi Cherehani

Fundi wa kuchomelea alilitoa uani gari alilojiundia mwenyewe, akicheka peke yake. Kona ya kwanza tu, matairi ya mbele yakapiga kelele: moja lilitazama kushoto, jingine kulia, kama wenza waliogombana.

"Lakini nimepima!" akarudi uani kumwakia mkewe, fundi cherehani. "Upana kati ya matairi, upande wa mbele kwa futi yangu ya chuma. Upande wa nyuma haikupita, nikachukua yako ya kitambaa. Namba zikalingana kabisa!"

Mke akashika mbavu kwa kicheko. "Yangu nilishaikata ncha ya mwanzo ilipochakaa. Mimi huanza kuhesabu kwenye tano!"

Mume akajishika kiuno, akaruka juu.

"Ndiyo niliyojipimia kitambi! Mwezi mzima nakunywa chai bila sukari kwa sababu ya hizo tano! Gari lisubiri, mke wangu. Sukari iko wapi?"