Seva Iliyotoka Jasho Bila Kazi

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, na wahenga hao hawakuwahi hata kukaa chumba kimoja na seva ya akiba ya maabara moja ya kupima damu kule Ngagara. Seva yenyewe haikuwa na mwili wake. Ilikuwa mpangaji tu ndani ya mashine kubwa, ikiishi humo na seva nyingine, na kazi yake ilikuwa moja: usiku inakili majibu ya wagonjwa, yasije yakapotea. Mchana haina kazi kabisa. Lakini hata mchana ilikuwa ikila nguvu yote ya mashine, feni zikivuma, wapangaji wenzake wakikwama, na wagonjwa wakingoja majibu mpaka wengine wakapona wenyewe.

"Mpaka Ijumaa," Népomuscène, mkurugenzi, alimwambia Elvire. "Kama haijatulia, mi nitatafuta mutu mwingine."

Elvire, fundi wa kompyuta, alikuwa bado kwenye majaribio, na kazi hiyo aliitaka kwa kufa na kupona. Alitafuta virusi, hakuna. Alisimamisha programu moja baada ya nyingine, wapi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kila alipoingia chumba cha mitambo na kugusa kipanya cha skrini iliyoionyesha, seva ilitulia tuli, kama mtoto aliyesikia viatu vya baba mlangoni. Akitoka tu, inaanza tena. Alhamisi, kwa hasira, akaamua kuivizia. Akavuta kiti mbele ya skrini, mikono mapajani, asiguse kitu.

Kitambo kikapita. Kisha wakatokea samaki. Samaki wanene wa kila rangi, wakipepea mapezi katikati ya mapovu, mwanga ukiwacheza migongoni. Elvire alibaki mdomo wazi. Seva ya namna ile haina kadi ya kuchorea picha. Kila pezi na kila povu ilikuwa ikilichora kwa jasho lake yenyewe. Walikuwa pambo la skrini, lile linalotokea kompyuta isipoguswa: ukigusa kipanya, samaki wanatoweka, seva inapumua.

"Ni mi niliwatia," alisema Khadidja, katibu, alipoulizwa, bila chembe ya haya. "Skrini ilikuwa inakuwa nyeusi. Murhula akipita kwa dirisha, anasema courant imeenda, anawasha jenereta. Na courant iko. Mazutu ya jenereta iliisha bure. Sasa akiona samaki, anajua courant iko."

Murhula, mlinzi, aliitikia kwa kichwa kutoka mlangoni. Katika mji ambao umeme huondoka bila kuaga, lilikuwa wazo la maana, ila mashine na skrini yake zilikuwa na betri ya akiba. Umeme ukikatika, samaki waliendelea kuogelea. Elvire akamweleza hivyo Murhula.

"Njo maana," akasema mlinzi. "Siku ingine friji inatoa maji, na samaki wako wazima."

Elvire alicheka mpaka akashika ukuta. Akamtundikia balbu getini, ya umeme wa mji moja kwa moja, kisha akawafuta samaki. Feni zikanyamaza. Majibu ya wagonjwa yakaanza kutoka.

Ijumaa Népomuscène akaja, akasikiliza ule ukimya, akaitazama skrini nyeusi. Elvire akasubiri sifa.

"Samaki wangu wako wapi?"

Kumbe kila baada ya chakula cha mchana mkurugenzi alikuwa akijifungia humo "kukagua mitambo". Elvire akaeleza yote, taratibu, kwa heshima, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyozidi kurefuka.

"Nimesikia, mutoto yangu. Seva iko muzuri. Lakini vile roho inaniuma hivi, mi siwezi kukuambia ubakie."

Elvire alitaka kulia. Kazi inamponyoka kwa ajili ya samaki wasio hata na mchuzi. Akajiuliza: katika jengo hili zima, ni kompyuta ipi haina kazi usiku wala mchana? Jibu halikuchelewa.

"Shefu," akasema, "twende ofisini kwako."

Jioni ile akathibitishwa kazini. Na kompyuta ya mkurugenzi, samaki wakiogelea humo, kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe ikapata moto.