Kidirisha cha Siulizi

Katika nchi ya Hewala, ambayo jina lake ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila ombi, nyumba zilihudumiana kwa vidirisha. Mwenye haja alisema neno lake dirishani, na aliyekuwamo ndani aliitikia, "Hewala," akatenda. Kumwuliza mwombaji jina lake kulikuwa tusi. Kumtaka hati, ufidhuli. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema, wakijisifu kwa ukarimu ambao, wallahi, ulikuwa uvivu uliovishwa kanzu.

Siulizi, bawabu wa lango la bwawa kuu, alikuwa na kidirisha kilichotobolewa kwa ajili ya jirani mmoja tu, mtunza bustani, aliyehitaji maji kidogo kila alasiri. Lakini kwa majivuno ya kazi yake alitundika ubao nje: *Hapa hufunguliwa lango*. Mkewe, Mashaka, alimsihi, "Baba Nuru, dirisha la mtu mmoja, ubao wa nini? Basi mpe huyo jirani muhuri, asiyeuonyesha usimfungulie."

"Ebo! Nimwaibishe jirani yangu?" Siulizi akacheka. "Shaka zitakuzeesha, mke wangu."

Adhuhuri moja sauti ilinena dirishani, kwa adabu na ufasaha: "Fungua lango lote." Siulizi hakuinua hata uso. "Hewala," akasema, akafungua. Maji yakaporomoka hadi Bondeni, yakaibeba madrasa pamoja na watoto waliokuwa wakisoma, binti yake Nuru miongoni mwao. Alikuwa na miaka saba.

Mbele ya Kadhi Insafu, Siulizi alilia, "Maneno yalikuwa sahihi, Maulana!"

"Na msemaji alikuwa nani?"

"Sikumwuliza."

Kadhi alikifunua kitabu cha sheria, akasoma, akakifunika. "Sheria yetu haikukutaka uulize. Huna hatia, nasi sote tunayo." Akaamuru vidirisha visivyo na haja vizibwe kwa mawe, na vitakavyobaki visimhudumie asiye na muhuri. Waashi walianza kazi siku ile ile. Mwenye sauti hajulikani hata leo, nani angemjua?

Siulizi alirudi kwake, akaukuta mlango umekomewa. Akabisha.

"Nani?" Mashaka aliuliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Alikuwa hajapata kuulizwa hivyo maishani mwake.

"Mimi, Baba Nuru."

Alisikia mkewe akiangua kilio. Akangoja mlangoni, na komeo halikuondolewa.