Tumbo la Mzee Mogire Laitika

Jumamosi saa nne asubuhi, Jacinta alikuwa akikata majani ya viazi vitamu nguruwe wake alipoanza kuita watoto wake. Alikuwa nguruwe jike wa kienyeji, mweusi, pua ndefu, asiyejua kunong'ona. Boma lilipakana na kanisa la Wasabato, ambao kwao nguruwe ni haramu, na mle kanisani, katikati ya maombi ya kimya, matumbo ya waumini yakamwitikia.

La kwanza lilikuwa la mzee wa kanisa, Mogire: kruu, kruu. Likafuata la mweka hazina, kisha benchi zima la wanakwaya. Nyama anayouza Jacinta, ya watoto wa nguruwe huyo, ndivyo ilivyo. Mtoto akiitwa na mamake huitika popote alipo. Nyama ya nguruwe weupe wa gredi, wale wa kizungu, hukaa kimya, ila haina ladha, na ugali wa wimbi hauitaki. Mchungaji alingoja yaishe, akasema amina, akaiomba kwaya iongeze sauti.

Jacinta, Mkatoliki, alicheka mpaka akakaa chini. Miezi minane sasa kamati ya chemchemi, ambayo mwenyekiti wake ni Mogire, ilikuwa imemfungia lango kwa kufuli, eti mfuga nguruwe atayatia maji unajisi. Yeye huteka mtoni, na mlima wa kurudi humtoa machozi. Leo kila mtu alikuwa amesikia nani amekula nini. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia. Kesho kufuli litatoka.

Jumapili baada ya misa alipitia chemchemini. Kufuli lilikuwapo, limepakwa mafuta.

Jioni Mogire alikuja kwa njia ya migombani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Tumbo lake lilimsalimia nguruwe kabla yeye hajamsalimia Jacinta.

"Mama, kesho tuna wageni wa posa. Nipimie kilo mbili, za mbavu."

"Na chemchemi, mzee?"

"Hayo ni mambo ya kamati. Kamati haijakaa." Alingoja tumbo limalize. "Lakini si ungefuga wale weupe? Hawa wako hawaweki siri."

"Nyama ya hao weupe utaila?"

Mogire alifikiri kwa uaminifu. "Hapana."

Jacinta alikata mbavu, akazifunga kwa jani la mgomba. Mogire alizipokea, akazichungulia, akazirudisha.

"Zioshe vizuri, mama. Unajua sisi ni watu wa usafi."

Mtungi ulikuwa mtupu. Jacinta aliubeba, akapita mbele ya kufuli, akashuka mtoni.