Faragha ya Mtumishi

Mtaani walimwita Mzee Pensheni, ingawa hajafika hata umri wa kustaafu na pensheni ya mtu hajawahi kuiona kwa macho. Kazini ndiko walikomwagiza: ukiulizwa, sema uko ofisi ya pensheni. Uongo mzuri tu, isipokuwa ulimletea wastaafu mlangoni kila Jumamosi, naye masikini akawa anawaambia mafaili yao yanashughulikiwa. Wakaondoka wameridhika, maana ofisi ya kweli nayo huwajibu hivyohivyo.

Kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza simu za watu. Jengo halina kibao. Ndani, chumba kisicho na dirisha, meza zimepangwa mbilimbili, na kila meza ina kompyuta, visikilizio vya masikioni, na mtu mzima aliyesomeshwa kwa kodi za wananchi ili aje awasikilize wananchi haohao wakibishana nani kaacha bomba wazi. Eti usalama wa taifa. Haya, niambieni, taifa lina hatari gani kwenye simu ya bibi anayemuuliza mjukuu wake kama ameoga? Lakini bibi naye alisikilizwa, tena kwa makini, maana huwezi kujua.

Mzee Pensheni hayo hayakumnyima usingizi. Kama huna la kuficha, alikuwa akisema, wasiwasi wa nini?

Kitengo kilikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa kamwe: mtumishi hasikilizi nyumba yake mwenyewe. Mkuu wao aliieleza kikaoni kwa uchungu mwingi. "Watumishi wana familia," alisema. "Faragha yao lazima iheshimiwe." Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Kwa hiyo simu za nyumbani kwa Mzee Pensheni zikapewa meza ya jirani, kwa mwenzake waliyemwita Mpole, na za nyumbani kwa Mpole zikaja kwake. Wakakaa bega kwa bega, kila mmoja akiijua sebule ya mwenzake hadi uvunguni, na asubuhi wakaulizana "Nyumbani hawajambo?" bila hata kutabasamu.

Sasa wiki ile Mpole akaanza mambo. Akamletea chai bila kuombwa. Akamwekea sukari mwenyewe. Akawa anamtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa.

"Kuna nini?" Mzee Pensheni akamuuliza.

"Hakuna."

"Ni mke wangu?"

Mpole akaangalia dari. "Sheria unaijua, ndugu yangu."

Yeye aliyekwisha kusikia ndoa za nusu ya mji zikivunjika huku akitafuna karanga, leo karanga hazipiti kooni. "Ana mwanamume?" akanong'ona. "Niambie tu."

"Siwezi. Nailinda faragha yako."

"Unailinda nani asiione? Si mimi ndiye mwenyewe?"

"Kiapo hakikusema hivyo," Mpole akajibu, na kweli alionekana anaumia.

Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, Mpole akavua visikilizio, akajipangusa uso kwa kiganja. "Mimi sijasema kitu," alisema. "Ila ningekuwa wewe, ningewahi nyumbani sasa hivi."

Mzee Pensheni akatoka mbio, koti kaliacha kwenye kiti.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekaa sebuleni na viatu miguuni, begi pembeni yake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza?" Alishangaa kwelikweli. "Kwa dada. Si nimekuambia siku zote hizi?"

"Umeniambia lini?"

"Kwenye simu."

Mzee Pensheni akatafuta pa kukaa.

"Ulidhani sijui kazi yako?" mkewe akasema, bila hasira. "Ulimpa kinyozi pole ya kufiwa na baba yake, mwenyewe hana habari, wembe uko shingoni mwako. Wajomba zake walikuwa bado wanashauriana kwa simu nani amwambie. Mtu wa pensheni angeyajulia wapi?"

Ulikuwa ukweli mtupu.

"Ukirudi hapa umechoka na sauti za watu. Nikifungua mdomo, unainua mkono, ninyamaze. Nikafika mahali nikasema, huyu anasikia kwenye simu tu. Basi nikawa nampigia dada, nayasema yote humo. Kwamba nimechoka kuishi na ukuta. Kwamba ukija siku moja ukakaa ukaniuliza nina nini, siendi popote. Nikataja siku, nikataja basi. Nilisema polepole uwahi kuandika. Dada akawa ananiuliza kama ninaumwa."

"Sikusikia," akasema Mzee Pensheni. "Simu zetu sisikilizi mimi."

"Anasikiliza nani?"

"Mwenzangu. Wa meza ya jirani."

Mkewe akaliwaza hilo. Kisha akacheka kidogo, na machozi yakamlengalenga. "Kumbe mwaka mzima nimekuwa namlilia mume wa mtu." Akaupitisha mkoba begani. "Alikuwa anasikiliza vizuri, lakini?"

Mzee Pensheni akamkumbuka Mpole akijipangusa uso. "Vizuri sana," akasema, na kuyatamka kulimchoma.

"Basi mshukuru."

"Kaa kwanza. Kaa, sema, sasa nasikia."

"Sasa nimemaliza kusema, baba." Akabeba begi, akafunga mlango taratibu, kama anavyofunga mlango wa darasa watoto wakiwa wamelala.

Jumamosi Mzee Pensheni alimpigia, hakupokea. Jumapili hakupokea. Wastaafu walikuja, akawaambia mafaili yanashughulikiwa.

Jumatatu alikuwa wa kwanza ofisini. Alikaa akikodolea macho kioo cha kompyuta ya jirani badala ya chake, na bibi wa watu akamuuliza mjukuu kama ameoga bila serikali kujua jibu. Mpole akaingia, akakaa. Halafu namba ya mkewe ikawaka kwenye meza ya Mpole.

Mpole akavaa visikilizio. Mzee Pensheni akataka kusema, Mpole akainua mkono: nyamaza. Akasikiliza, kichwa kimeinama, akiitikia kidogokidogo, kama vile mwenzake wa upande wa pili anamwona.

Mzee Pensheni alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Akaburuta kiti, akamshika mwenzake kiwiko. "Anasemaje? Nakuomba. Neno moja tu. Atarudi?"

Mpole akafunika kioo kwa kiganja, akageuka. Usoni alikuwa na ghadhabu ya mtu mstaarabu aliyekosewa heshima.

"Mzee, tuwe na adabu," alisema. "Mambo ya nyumba za watu hayo."