Sauti Katika Sikio la Mtaalamu

Watazamaji waliamini kwamba Mtaalamu anaongea na wafu. Uongo mtupu! Mtaalamu alikuwa anaongea na Pumzi. Pumzi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, na jina hilo alibandikwa kazini. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya studio, mbele yake kipaza sauti, skrini na fomu ya mgeni wa siku. Akibonyeza kitufe, sauti yake inatokea kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Mtaalamu. Mtaalamu anafumba macho, anatetemeka kidogo, anasema, "Namwona kijana... ana kovu gotini." Na mama wa kijana huyo anaangua kilio. Kovu lilikuwa kwenye fomu. Mama mwenyewe ndiye aliyelitaja kwa simu siku tatu nyuma akasahau, maana mwenye msiba hakumbuki alichosema.

Kipindi kiliitwa *Kikulacho*, kikirushwa moja kwa moja kila Jumanne saa nne asubuhi. Sheria yake ilikuwa moja: bila mchawi hakuna kipindi. Mgeni haondoki bila kutajiwa adui, na adui sharti atoke nyumbani kwake, tena awe mwanamke, tena awe ndiye anayempa chakula au dawa. Sheria hiyo aliitunga Pumzi mwenyewe, akapandishwa cheo. Wake wangapi, wakwe wangapi walitupwa nje kwa ajili ya mdomo wake? Hakutaka kujua. Dhamiri ikimsumbua anaijibu kwamba wajinga ndio waliwao, kisha anakwenda kunywa chai.

Nyumbani alisema anapokea simu tu ofisini kwa Mtaalamu. Mama yake, ambaye hakosi kipindi hata awe na homa, kila siku alimsihi, "Mwanangu, si uniombee nafasi kwa Mtaalamu wenu?" Pumzi akicheka tu. Mama alikuwa na kisukari. Asubuhi na jioni alichomwa sindano na mkamwana wake, muuguzi wa zahanati, mjane wa kaka yake Pumzi. Daktari alishasema wazi kwamba bila sindano zile mama hamalizi wiki mbili.

Sasa Jumanne moja Pumzi alichelewa, hakuwahi kuisoma fomu iliyojazwa na mwenzake. Akakaa, akainua macho kwenye skrini. Lo! Mgeni alikuwa mama yake mzazi, amejipaka mafuta hadi anang'aa, mkoba mapajani, anatabasamu kama bibi harusi.

"Baba," akamwambia Mtaalamu, "nataka kujua nani alimuua mwanangu."

Mwanawe aligongwa na lori. Mtaa mzima uliliona lile lori. Pumzi akabonyeza kitufe, "Hakuna mtu. Mwambie ilikuwa ajali, arudi nyumbani."

Mtaalamu akakunja uso. Mwongozaji wa kipindi akafoka masikioni mwa Pumzi, "Ajali? Nani atafungua televisheni saa nne asubuhi aambiwe ajali? Soma fomu, dada!"

Fomu ilisema hivi: *Anaishi na binti mkubwa, hajaolewa. Mkamwana, mjane.* Basi. Wawili tu, na mmoja wao ndiye aliyeshika fomu.

Tusidanganyane hapa. Hakumfikiria mama, wala sindano. Alifikiria kitanda chake, na aibu ya kuzomewa njiani, na jinsi wifi yake alivyo mpole asiyejua kugombana. "Mkamwana," akasema. Mtaalamu akalirudia neno hilo kwa sauti nzito, na mama akajishika kifua, "Uwiii! Na mimi nakula chakula chake!"

Saa nane Pumzi alimkuta wifi yake nje ya mlango na begi moja, kanga imechanika begani.

"Wifi, mimi mama nimemkosea nini?" akauliza. "Mwambie basi walau achomwe sindano na mtu mwingine. Nakuomba."

 Pumzi akampita, akaingia ndani. Sakafuni kulikuwa na vipande vya chupa za dawa, na mama yuko juu yake anavisaga kwa kisigino cha ndala.

"Kumbe ndizo alizokuwa ananimalizia nazo!" mama akasema kwa furaha. "Mwanangu kaanza naye, akaja kwangu."

Hapo ndipo roho ilipomruka Pumzi. Akapiga magoti, akatoboa yote: kile chumba, kitufe, fomu, kidude cha sikioni. "Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyemtaja."

Mama alimtazama, akacheka hadi akakohoa. "Wewe? Wewe uliyefeli mtihani wa ukarani mara mbili, ndiye unayemwonyesha Mtaalamu? Hebu ondoka hapa. Amekulisha nini yule mchawi, hata unajisingizia kwa ajili yake?"

Pumzi alinunua chupa mpya. Mama akazimwaga chooni. Alimleta daktari, akafungiwa mlango. Kufika Ijumaa mama alikuwa anakunywa maji ndoo nzima kwa siku, na mtu mmoja anamwona wawili.

Jumamosi Pumzi alikwenda kumlilia Mtaalamu afute neno lake, mama arudie sindano. Alimkuta ananyolewa ndevu.

"Neno langu la hewani silifuti," Mtaalamu akasema. "Kuongeza, naongeza. Watu wanamtaka tena yule mama, simu hazikatiki. Lakini lazima apatikane mwingine."

"Nani tena? Nyumbani tumebaki wawili."

"Si ndiyo hivyo," akasema, akageuza shavu la pili. "Na habari ya sindano nitaitia mwishoni."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Jumanne mama aliletwa studio ameshikwa makwapa, akawekewa mito kitini. Midomo imepasuka, lakini macho kwa Mtaalamu yanawaka. Pumzi akakaa mbele ya kipaza sauti, akabonyeza.

"Mkamwana alitumwa bila kujua," akanong'ona. "Aliyemtuma ni binti mkubwa."

Mtaalamu akalisema. Studio ikaguna. Pumzi alingoja mama akatae, apige kelele, aseme *mwanangu, hapana*. Moyoni alikuwa anamwomba akatae.

"Nilijua," mama akasema taratibu. "Tangu mtoto, yule. Hata kunyonya alikuwa ananing'ata." Akapumua kwa shida. "Nimfanye nini, baba?"

Mtaalamu akafumba macho, anasubiri. Mwongozaji akapaza sauti masikioni, "Sekunde kumi twende matangazo! Jibu, dada!"

"Mwambie amfukuze," Pumzi akasema, machozi yakimdondokea kwenye fomu. "Na mwambie arudie sindano leo hii. Mtaalamu, ya sindano, tafadhali, ya sindano!"

"Mfukuze," Mtaalamu akasema, akanyamaza, akaiinamia kamera kwa heshima.

Taa nyekundu ikazimika. Yakaingia matangazo.