Machela Haikupanda Tupu

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, husema watu ambao hawajaona vita. Vitani mkono mmoja unachinja vizuri tu, tena kwa kidole kimoja. Kinachodai mikono miwili, hata minne, ni kumteremsha aliyechinjwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Verlin Amundsen katika milima ya Italia, majira ya baridi ya mwaka 1943. Alikuwa Msabato, mtoto wa mkulima wa viazi huko Michigan, na alipoitwa jeshini alisema wazi: sare nitavaa, bunduki sitagusa. Jeshi la Marekani likampa machela. Aliyeshika upande wa pili alikuwa Msabato mwenzake, Wendell Stroud, mtu wa sala ndefu. Askari wengine waliwaita mabibi harusi.

Matusi Verlin aliyazoea. Hakuzoea uchafu. Nyumbu wa kubeba mizigo waliokufa njiani walivimba hadi wakapasuka, na njia ilipita juu yao. Damu za watu zilimkaukia chini ya kucha, na kwa kucha hizo hizo alikula biskuti. Alistahimili kwa sababu moja: kila alichokibeba kilikuwa uhai. Wakiteremka, majeruhi. Wakipanda, maji na dawa, vimefunikwa blanketi, na juu yake kitambaa chenye msalaba mwekundu ili Wajerumani wasipige.

Aliyepakia ni Stroud. Verlin hakuwahi kufunua blanketi. Kwao ndiyo ya ndugu ni ndiyo, na kumkagulia mzigo ni kumwita mwongo.

Alhamisi aliteleza kwenye tope. Machela ikainama, blanketi likaanguka, yakabingirika makombora ya mizinga midogo, yaking'aa kwa mvua kama samaki. Moja likaja kutua kwenye buti lake.

Stroud hakukana. Alieleza, huku akihema, kwamba nyumbu wamekwisha, kwamba Sajenti Pruett ndiye aliyeagiza, kwamba kule juu wako vijana wenzao na bila mzigo huu watakufa.

"Tangu lini?" Verlin akauliza.

"Wiki nzima. Nilikuficha ili dhambi ibaki kwangu, ndugu. Wewe ulikuwa safi."

Neno hilo ndilo lililomtapisha. Alitapika kweli, biskuti na chai, juu ya buti. Kisha akaanza kuyasukuma makombora kwa mguu, moja baada ya jingine, yakatumbukia korongoni. Stroud alimshika mkono, akamsihi, akalia. La mwisho Verlin aliliinua kwa mikono yake miwili, apate kujua alichokuwa akikibeba, ndipo akalitupa.

Jioni ile Wajerumani walishambulia. Mizinga midogo ya kule juu ilinyamaza mapema, na vijana wanne wakauawa ndani ya mashimo yao. Verlin ndiye aliyewateremsha. Mmoja hakuwa na taya; ulimi wake ulining'inia, ukimlamba Verlin kifundo cha mkono kila machela ilipoyumba.

Chini, Pruett aliwakuta askari wakipokea supu, Verlin miongoni mwao. Hakupaza sauti.

"Huyu hali nyama ya nguruwe ya kopo," alisema akimwonyesha Verlin, "lakini makombora kayapandisha wiki nzima, wala hayakumkwama kooni. Yamemkwama siku tuliyoyahitaji."

Verlin alijua ni kweli: makombora ya wiki ile yaliua, na mikono iliyoyafikisha ilikuwa yake. Pruett naye hakuweza kumshtaki Verlin, maana angelazimika kueleza makombora yalifuata nini kwenye machela ya wagonjwa. Alitaka jambo dogo tu. Verlin akiri kosa, abaki na kazi yake. Asipokiri, aende akachimbe vyoo mpaka vita viishe.

Sabato, Wasabato wachache wa kikosi walikusanyika kwenye zizi la mbuzi kushiriki Meza ya Bwana. Kwao hapana mkate kabla ya kutawadhana miguu, na hapana kutawadhana kabla ya wenye ugomvi kupatana. Stroud alipiga magoti mbele ya Verlin na kofia ya chuma yenye maji ya vuguvugu. Alipomvua soksi, ngozi ikatoka nayo, nyeupe, ikinuka jibini bovu. Akaosha bila kukunja uso. Aliomba msamaha kwa uongo wake, na Verlin akamsamehe.

Zamu ikageuka. Verlin akaishika miguu ya Stroud, iliyooza vile vile.

"Sasa wewe, ndugu," Stroud akanong'ona. "Wale wanne. Sema umekosa, hapa hapa baina yetu, nami nitampelekea Pruett. Amesema itatosha."

Verlin alitazama maji. Yalikuwa ya kijivu, na vipande vya ngozi vikielea. Akaona kinyaa: vifo vya watu wanne vioshwe ndani ya kofia moja, kisha mkate uliwe.

"Labda nimewaua," alisema. "Nimewabeba, uzito wao naujua, nao hautanitoka. Lakini nipe mzigo ule leo, nitautupa tena."

"Basi omba radhi, hata kwa Mungu tu."

Verlin alimkausha miguu, kidole kwa kidole, akamwekea soksi zake mapajani.

"Siombi. Si kwa Pruett, si kwako, wala si kwa wale wanne. Nenda kamwambie hivyo hivyo. Radhi siombi."